Ng'ambo ya Nani?

Metta Hagenah, binti Hinrich Ropers mchimba mboji wa Laumoor, mjane wa Dierk Hagenah mvushaji, mkaza mwana wa Claus Hagenah mvushaji. Claus huyo ndiye aliyeizamisha pantoni yake kwa mikono yake mwenyewe mwishoni mwa vita, akaifunika matete, askari wakapita wakilipua madaraja juu ya mto na chini ya mto wasiione. Vita vilipokwisha akaiibua, akaisugua tope, akaendelea kuvusha watu kana kwamba ilikuwa imekwenda kuoga tu. Dierk naye alimvusha fahali wa maonyesho aliyeingiwa na wazimu katikati ya maji, akamtuliza kwa kumwimbia wimbo wa kanisani, beti zote. Na Metta, tangu Dierk afariki, amevusha maharusi na majeneza, kinanda cha shule, mizinga ya nyuki yenye nyuki ndani, na daktari wa mifugo mara nyingi kuliko mke wa daktari alivyowahi kumwona.

Mwanamke wa namna hiyo, Jumatatu ya wiki ya Sikukuu ya Kupaa, alisimama mbele ya nyumba yake ya kivukoni Grönsiel, begi liko chini, mkono wa kulia umening'inizwa shingoni kwa kitambaa cha hospitali. Binti yake Swaantje alikuwa amemshusha tu kwenye gari na kugeuza kurudi Stade kazini. Metta akautazama mto. Akasema, "Hapana." Kisha akasema tena, "Hapana, hapana, hapana."

Gati lake lilikuwa jipya. Lote, kutoka juu kwenye tuta la kuzuia mafuriko hadi chini majini, mbao za mwaloni zenye rangi ya mkate uliotoka tanurini, misumari inameta, unga wa msumeno bado unaelea kwenye maji. Gati lile alikuwa ameliacha zima! La zamani, ndiyo, lakini zima, mbao alizozipigilia Claus mwenyewe, mtu anaweza kupitisha tembo juu yake. Akainua macho. Upande wa pili, gati la Laumoor lilikuwa vilevile kama alivyoliacha: limeoza, limekaa upande, ubao mmoja unaning'inia kama jino bovu. Yaani wamemvisha mzima na mgonjwa wamemwacha uchi.

Na pantoni haikuwa kwake. Ilikuwa Laumoor.

Lazima nieleze kidogo hapa, ingawa kwetu hakuna asiyejua. Oste si mto mkubwa. Kwenye ramani unaupita kwa kidole bila kujua umepita. Lakini unajipinda hadi kanisa moja unaliona mara kulia mara kushoto, na maji ya Elbe, ule mto mkubwa unaoupokea, huusukuma nyuma kila yanapojaa, kwa hiyo mto wetu huenda kule na kurudi huku kama mtu aliyesahau miwani nyumbani. Daraja liko mbali, ukienda kwa baiskeli kule na kurudi asubuhi yako imekwisha. Hivyo watu huvuka kwa pantoni. Waya wa chuma umelala majini kutoka ukingo hadi ukingo, hupita juu ya magurudumu madogo ubavuni mwa pantoni. Mvushaji huubana waya kwa mti wake wenye pengo, kisha hutembea nao kutoka pua hadi tezi, na chombo kinakwenda. Hakuna injini. Na pantoni haiji mpaka iitwe. Unasimama ukingoni, unapaaza sauti, "Hol över!", yaani njoo univushe, na mvushaji anakuja. Usipoita, haji, hata kama anakuona, hata kama wewe ni askofu.

Sasa, sisi wa mto huu tuna neno moja, ng'ambo. Mtu kaolewa ng'ambo. Mbuzi kapotelea ng'ambo. Ng'ambo kunanyesha. Mtu wa Grönsiel akisema ng'ambo ana maana Laumoor, na wa Laumoor akisema ng'ambo ana maana Grönsiel, na tangu dunia iumbwe hakuna aliyeona tabu.

Metta alimwona Folkert Buck akipita juu ya tuta la Laumoor na mbwa wake. Folkert alikuwa mwenye bucha, sasa amestaafu, ana baa ndogo na ndiye mwenyekiti wa chama cha kivuko. Alipomwona Metta akapunga kofia kwa furaha ya mtu anayesubiri kusifiwa.

"Mama Swaantje! Karibu nyumbani! Umeliona?"

"Nimeliona."

"Tumemaliza leo asubuhi! Zuri, eh?"

"Folkert. Mmetengeneza gati lipi?"

"La ng'ambo! Kama ulivyosema!"

"Ng'ambo ni huko uliko wewe!"

Folkert akatazama miguu yake, kushoto na kulia, kama mtu anayehakikisha. "Mimi niko huku," akasema. "Ng'ambo ni huko uliko wewe."

Metta alihisi damu ikimpanda hadi masikioni. Aliukumbuka vizuri mkutano ule wa mwezi wa tatu. Walikaa katika baa ya Folkert, meza zimejaa bia na samaki wa moshi, wengi wao watu wa Laumoor. Akasimama yeye mwenyewe na kusema, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, kwamba gati la ng'ambo limeoza, mkaguzi anakuja kabla ya Kupaa, akiliona hivyo kivuko kinafungwa, mbao mpya zimeshanunuliwa, basi zipigiliwe. Wote wakagonga meza kwa vifundo vya vidole, ambayo kwetu ndiyo makofi. Mkutano ukafungwa. Yeye akaenda Stade kupasuliwa bega akiwa na moyo mweupe.

"Mimi nimeolewa Grönsiel!" alipaaza. "Naishi Grönsiel! Nikisema ng'ambo ni Laumoor, mtoto mchanga anajua!"

"Lakini uliyasema ukiwa Laumoor, mama! Mtu akisimama Laumoor akasema ng'ambo, sisi twende wapi? Tufike nyumbani tuseme tumefika ng'ambo?"

"Hamkuona kwamba gati mnalobomoa ni zima? Hamna macho?"

"Tuliona! Kweli tuliona. Hata Harm alisema, mbona mbao hizi ngumu hivi, zinakataa kung'oka. Tukasema labda zimeozea ndani. Mama Metta ndiye anayejua, tukasema."

Hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Miaka yote watu hawa hawakumsikiliza, akiwaambia msifungie baiskeli kwenye nguzo wanafungia, msile mkate ndani ya pantoni wanakula. Siku waliyokata shauri kumtii, wakamtii hivi.

"Mbao mpya zimebaki?"

"Zote tumezitumia. Ulisema zipigiliwe."

"Na zile za zamani? Za Claus?"

Folkert akamvuta mbwa, akajitia kuangalia mawingu. "Alizichukua wifi yako. Alikuja na mkokoteni, akasema ni za baba yake. Tungefanyaje?"

Metta akafumba macho. Alipoyafumbua Folkert alikuwa bado pale, kwa bahati mbaya.

"Na mkaguzi akikataa Jumatano?"

"Basi, mama, hata wale wenzetu wa juu wa mto walifungiwa. Pantoni yao si wameipandisha majanini, wakaijaza maua? Inapendeza. Mke wangu anasema kwenye yetu maua mekundu yale ya madirishani yangekaa vizuri, na benchi pembeni..."

"Folkert! Niletee pantoni yangu!"

"Mimi sina cheti! Leo tuliivuta watu sita kwa glavu, mti wako umeufungia ndani, tulikwenda kombo kama kaa. Mwenye cheti huku ni mmoja tu. Itabidi umwite." Akatupa jicho kwenye nyumba ya matofali iliyo chini ya tuta, yenye banda la kuku. Kisha akasema viazi vyake viko motoni, akaondoka.

Nyumba ile ilikuwa ya Tibke, wifi yake, dada wa damu wa Dierk. Metta alizaliwa Laumoor akaolewa Grönsiel, Tibke alizaliwa nyumba ya kivukoni Grönsiel akaolewa Laumoor, kila mmoja kalala kwenye kitanda cha mwenzake, kama watu walivyopenda kutania. Tibke alijifunza kutembea juu ya pantoni. Alifanya mtihani wa uvushaji mwaka mmoja na kaka yake, akapasi. Lakini mzee Claus mti aliupa mwanamume, na Dierk alipokufa, watu walimpa mjane. Hakuna aliyebisha hodi kwa Tibke. Tangu siku hiyo Tibke huzunguka darajani kwa baiskeli, mvua na jua. Mara moja tu alifika ukingoni, mwaka wa kwanza wa kifo cha Dierk, na shada la maua la kupeleka kaburini. Akasimama kimya. Metta alikuwa kwenye benchi lake, akamwona. Akasubiri aitwe. Tibke hakuita. Walitazamana hadi maji yakageuka, kisha Tibke akalitundika shada kwenye usukani, akazunguka darajani.

Na Metta sasa amwite huyo? Akaingia ndani akapika kahawa kwa mkono wa kushoto, nusu ikamwagika mezani. Akampigia Tibke simu. Simu ikalia weee, maana Tibke akiona namba hiyo huiacha ilie kama mtoto mtundu. Akamlaani Folkert, akamlaani Harm, akalilaani bega. Habari ya bega hakuwa amemwambia mtu. Daktari alikuwa amesema kwa upole, na upole ule ulimuudhi: kuvuta, mama, basi. Si mwaka huu tu, basi kabisa. Kama hakuna wa kuvuta, gati lingekuwa hata la dhahabu, pantoni ingejazwa udongo na mke wa Folkert angechagua rangi ya maua.

Alitoka tena na kikombe, akatazama maji, akakiweka kikombe chini. Maji yalikuwa yanapwa. Na wale sita, walipoifunga pantoni asubuhi maji yamejaa, waliifunga kwa kamba fupi! Fundo juu ya fundo, kama mtoto anayefunga viatu. Maji yakizidi kushuka, pantoni itaning'inia kwenye kamba, na kile chuma chote kitaling'oa gati bovu na nguzo zake. Hapo hata mkaguzi hana haja ya kuja. Tayari kamba ilikuwa imekaza, na gati lilitoa mlio mdogo wa kulalamika.

"Folkert!" aliita. "Folkert!" Folkert alikuwa anakula viazi.

Metta akatembea juu ya mbao mpya hadi mwisho. Tangu siku aliyoolewa hakuwahi kuita pantoni, mke wa mvushaji amwite nani? Alipokuwa msichana wa Laumoor alikuwa akiita kila Jumamosi kwenda kucheza dansi, na Dierk alikuja mbio, na mzee Claus akija yeye alikuja polepole makusudi. Akakohoa. Akafungua mdomo.

"Hol över!"

Sauti ilitoka nyembamba, ya kuku. Hakuna kilichotikisika. Akaita tena. Dirisha la nyumba ya matofali likafunguka, likafungwa. Baada ya muda Tibke akapanda tutani, aproni kiunoni, bakuli la mahindi ya kuku mkononi, hana haraka hata kidogo. Akaweka kiganja sikioni.

"Nani anaita?"

"Unanijua, wifi!"

"Maji yana kelele! Sikusikia!"

"Maji yametulia kama maziwa kwenye bakuli! Tibke, tazama kamba!"

"Kamba naiona tangu saa ile. Nasubiri kuona kama kuna abiria."

Ah, mwanamke huyu! Metta alitamani kuwa na jiwe na mkono wa kulitupia. Gati likalia tena, sasa kwa nguvu. Akavuta pumzi hadi tumboni na kuita kama alivyokuwa akiita enzi za dansi, neno la pili akilivuta kabisa hadi ng'ombe wa pande zote mbili wakainua vichwa.

"Hol öööver!"

"Aha," Tibke akasema. "Abiria."

Aliweka bakuli chini na hapo ndipo alipokimbia, na umri wake ule. Aliteremka tutani, akaruka ubao mbovu bila kuutazama, akapambana na mafundo. "Ni mpumbavu gani amefunga hivi?"

"Mwenyekiti!"

"Nilijua! Hata soseji zake zilikuwa zikifunguka!"

Kamba ikaachia kwa kishindo, pantoni ikashuka na kutulia majini. Tibke akapanda tena tutani, akarudi na kigingi alichochomoa kwenye ua wa kuku wake, akaubana waya. Kigingi hakikuwa na pengo, kikateleza mara mbili, na mara mbili akatukana kwa tusi lilelile la marehemu baba yake, lenye shetani na ndoo. Kisha akapata namna. Hakuvuta kwa mikono, aliulalia waya kwa mwili mzima na kutembea, na pua ya pantoni ikaelekea juu kidogo kukabili mkondo, palepale panapotakiwa. Metta alitazama, akitafuta kosa. Alitafuta hadi pantoni ikagusa gati, na mguso wenyewe ulikuwa laini kama mkono unaowekwa begani.

"Umechelewa," Metta akasema.

"Ulichelewa kuita." Tibke akamtazama kitambaa. "Bega?"

"Limekwisha."

"Limekwisha la kupona au limekwisha la kwisha?"

"La kwisha. Na usimwambie Folkert. Akijua leo, kesho mkewe ananiletea udongo wa maua."

Tibke hakucheka. Aligusa mbao mpya kwa kidole cha mguu. "Wameharibu gati la baba."

"Wanasema nimewaambia mimi."

"Uliwaambia wewe. Nilikuwepo, kule nyuma. Ulisema ng'ambo."

"Na wewe ulielewa ng'ambo ipi?"

"Mimi?" Tibke alifikiri kweli, uso umekunjamana. "Mimi nimezaliwa kwenye nyumba hiyo yako. Ukisema ng'ambo mimi nasikia Laumoor, ingawa ndiko ninakolala. Nilijua ulichotaka kusema."

"Basi kwa nini hukuwazuia?"

"Nani aliniuliza, wifi? Kwenye mambo ya pantoni, ni nani aliyewahi kuniuliza?"

Metta akazitazama mbao mpya chini ya miguu yake. Akasema tu, "Zile mbao. Unazo?"

"Nimezipanga ghalani. Zinakwenda kuwa banda la kuku."

"Kuku wako hawakaguliwi na serikali."

"Wananikagua mimi kila asubuhi. Unazitaka?"

"Nazitaka."

"Niombe."

"Nimekuita mbele ya ng'ombe wa vijiji viwili, bado nikuombe?"

Hapo Tibke akacheka, akacheka mpaka akajishika kwenye nguzo. "Haya. Imetosha. Ingia, abiria, keti usiguse kitu."

Siku ya pili Laumoor nzima ilipigilia mbao za Claus kwenye gati la Laumoor. Folkert aligonga kidole gumba chake na akaomba aonewe huruma, hakuonewa. Metta alikaa kwenye kiti alicholetewa akisema, "Ubao huo si hapo. Si hapo. Nimesema si hapo," na Tibke, magoti chini, akijibu, "Wamesikia, wifi, hata Elbe wamesikia." Jumatano mkaguzi alikuja, akarukaruka juu ya gati la Laumoor kwa viatu vyake vizito, akasema mbao ni za zamani lakini ni nzuri kuliko zile mpya za upande wa pili. Folkert alifungua mdomo kueleza, Metta akamtazama, akaufunga.

"Na mvushaji wa msimu huu?" mkaguzi aliuliza.

Folkert akaelekeza mkono kwa Metta kwa heshima zote.

"Mimi bega limekufa," Metta akasema, kwa ukali, kana kwamba Folkert ndiye aliyeliua. "Mvushaji ni huyu. Cheti anacho tangu wewe hujazaliwa. Muulize yeye, watu wamekuwa na tabia ya kutomuuliza."

Tibke alikuwa anafuta mikono kwenye aproni. Aliendelea kuifuta muda mrefu, ingawa ilikuwa imeshakauka.

Asubuhi ya Kupaa ukungu ulikuwa bado umelala kwenye matete. Metta alitoka nyumbani na mti wa kuvutia, ule wa Claus, pengo lake limelainishwa na mikono ya watu watatu, akamkuta Tibke kwenye benchi la kivukoni na keki ya siagi kwenye kitambaa. Aliketi kando yake bila kusalimu. Upande wa Laumoor kundi la wanaume lilikuwa limeshafika na mkokoteni wa bia na kofia zenye maua, kama wanaume wa kwetu wafanyavyo kila Kupaa.

"Haloo!" walipiga kelele. "Mama! Tupo hapa! Teksi!" Mmoja akapiga mluzi. Mwingine akapunga simu yake juu.

Tibke akataka kusimama. Metta akamshika aproni.

"Hawajaita."

"Wamepiga kelele za kutosha kuamsha makaburi."

"Hawajaita, wifi. Keti." Akauweka mti juu ya magoti ya Tibke, akaubakiza mkono wake wa kushoto juu yake kidogo, kisha akauondoa. "Kuvuta sikufundishi, unajua, ingawa jana ulikwenda chini sana pale katikati. Kazi ninayokuachia ni nyingine. Akija mtu akaita vizuri, unamwendea, hata kama humpendi, hata kama mmenuniana. Asipoita, unakaa. Na mtu akisimama kimya na shada mkononi..."

Akachukua kipande cha keki, akakitazama, hakukila.

"Huyo nimwendee?" Tibke akauliza.

"Huyo mwendee. Usisubiri. Halafu kwenye mikutano sema Laumoor, sema Grönsiel. Folkert akitamka lile neno, mwulize ng'ambo ya nani, mwulize mpaka achoke, na umtafute wa kukupokea mti huu ungali na mabega, usije ukafanya kama mimi."

Upande wa pili wanaume walikuwa wamenyamaza, wanashauriana. Kisha mmoja wao, mzee kidogo, akavua kofia yake ya maua, akaweka viganja mdomoni, na akaita. Aliita ipasavyo, mpaka mwisho.

"Sasa," Metta akasema. "Unangoja nini? Nenda."